Mwaka Mto Ulipofuta Mipaka ya Bonde

Wenzangu mliobaki kazini, siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie "mambo machache ya uzoefu". Chai ilikuwa nzuri, keki ilikuwa kubwa, nami nikakubali kabla sijafikiri. Sasa nimekaa hapa Kikuyu, Dodoma, na daftari mezani, najilaumu. Vyeo sitavigusa. Vimo kwenye faili langu, na anayevitaka aandike barua ya maombi asubiri kama sisi tulivyosubiri. Nitaandika habari za mashamba, jinsi nilivyoyakuta na jinsi yalivyobadilika machoni pangu, na zaidi nitaandika habari za majuma matatu ya mwaka mmoja kule Gulwe. Nikiyakumbuka majuma hayo hata leo siwezi kukaa kitini.

Mimi nimetoka upande wa Chemba, kwa Wasandawe. Baba yangu hakuwahi kusema shamba lake lina ukubwa gani. Alilima mpaka ardhi ikachoka, akahamia pembeni, akafyeka upya. Basi niliporipoti ofisi ya kilimo ya wilaya, Mpwapwa, nikiwa na cheti kipya na viatu vya kwenda kanisani, nilidhani ekari ni kitu cha vitabuni.

Nilikabidhiwa kwa Bwana Chitema, mpima mashamba, Mgogo mfupi mwenye kofia ya pama ambayo hata ndani ya ofisi hakuivua. Alianza kunitazama miguuni.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba, binti. Una viatu vingine?"

"Sina."

"Kesho utakuwa navyo," akasema, akanipa baiskeli.

Jioni ya siku hiyo kisigino cha kiatu cha kulia kilibaki kwenye shimo la muhanga karibu na Gulwe, na utabiri wake ukatimia. Kazi yetu ilikuwa hii: kila msimu tunapewa majina ya kaya, tunapima kila shamba la kaya hiyo, na wakati wa mavuno tunarudi kuvuna kipande kidogo cha mraba na kupima uzito wa mavuno yake. Vifaa vyetu vilikuwa utepe wa mita hamsini, dira ya shaba, fito nne zilizopakwa nyekundu na nyeupe, na daftari la jalada gumu. Utepe ulikuwa umekatika mara mbili ukashonwa, kwa hiyo kila tukipima tulikumbuka kutoa upana wa vidole vinne.

"Usimwulize mtu ana ekari ngapi," Bwana Chitema alinifundisha. "Ekari atakutajia anazozitaka. Muulize analima kwa siku ngapi na nani anamsaidia. Siku za jembe hazisahau, mgongo unamkumbusha."

Na ukweli ni kwamba wengi walikuwa na ekari zao tayari. Ekari ya mkulima ni hatua sabini kwa hatua sabini. Hesabu nzuri kabisa, ila haisemi hatua za nani. Mtu mrefu ana ekari kubwa, mtu mfupi ana ekari ndogo, na wote wawili watakuapia kwa jina la Mungu kwamba ni ekari moja.

Shamba la kwanza nililopima kwa mikono yangu lilikuwa la Mzee Masima. Lilianza kwenye njia ya ng'ombe chini ya kilima, likashuka hadi mto Kinyasungwe. Juu kwenye kichanga alipanda uwele, katikati mtama, na chini bondeni, kwenye udongo mweusi, mahindi. Tulilizunguka asubuhi nzima. Nilipomaliza kujumlisha pembe na urefu, nikaona shamba limejifunga kwenye karatasi bila kuacha pengo, nilipiga kelele ya furaha. Mzee Masima akamwuliza Bwana Chitema kama nimeumwa na nyoka.

Miaka ilipita, Mzee Masima akafariki, na shamba likagawanywa. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu vijana wa ofisini mnapenda kusema wakulima hugawana ovyo. Hawakugawana ovyo. Kila mtoto alitaka kipande cha kichanga na kipande cha udongo mweusi, maana mwaka wa mvua nyingi juu ndiko kunakovunwa, na mwaka wa ukame ni bondeni. Kwa hiyo walilikata kwa urefu, kutoka kilimani hadi mtoni. Majirani nao walifanya hivyo hivyo. Bonde zima likawa vipande virefu vyembamba, na kati ya kipande na kipande safu ya minyaa au mstari wa mawe.

Watoto wa kiume wa Mzee Masima walipata vipande vyenye upana wa kueleweka. Mkubwa wao, Yohana, alipata mita ishirini na nne. Binti yake wa mwisho, Esta, alipata mita sita. Mita sita kwa mita mia sita! Jembe la ng'ombe lilipotaka kugeuka, ng'ombe wa mbele alikuwa tayari kwa kaka yake, na kaka yake alikuwa tayari anapiga kelele.

Wakati huo huo kule juu barabarani mambo yalikuwa yanakwenda kinyume. Vipande vya bondeni vilipungua, mashamba ya barabarani yakakua. Watu wa Dodoma mjini walianza kununua, mmoja hapa, mwingine pale, wakaunganisha, wakapanda alizeti mpaka jicho linapochoka. Tuliwaita wakulima wa simu. Walilima kwa kupiga simu asubuhi kabla ya kuingia ofisini, na wengine walilima vizuri tu, siwezi kuwasema vibaya. Lakini daftari langu lilianza kuonekana la ajabu. Ukurasa mmoja una shamba la kutembea kutwa, ukurasa wa pili una shamba la kuvuka kwa kuruka.

Kisha kikaja kile kidude cha satelaiti. Nilikishika mara ya kwanza kama mtu anayeshika kifaranga. Unatembea pembeni mwa shamba, unarudi ulipoanzia, unabonyeza, na ukubwa unatokea. Kazi ya asubuhi nzima inaisha kabla uji haujapoa. Nilizunguka nacho uwanja wa ofisi mara nne, nikazunguka na nyumba yangu, mpaka mume wangu akasema sasa inatosha, ukubwa wa nyumba anaujua.

Mkulima wa kwanza kupimwa nacho Gulwe alikuwa Yohana Masima. Mtu mrefu huyu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Tangu arithi, shamba lake lilikuwa ekari tano, kwa hatua za marehemu baba yake. Kidude kikasema tatu na nusu.

"Bibi shamba," akaniambia taratibu, "umekuja na ekari zangu tano, unaondoka na moja na nusu?"

"Mzee Yohana, shamba ni lile lile. Sijaondoka na kitu."

"Basi hicho kidude kimekula."

Tangu siku hiyo hakuitikia tena salamu yangu. Nilipopita alikuwa anageuka kuitazama reli inayopita kando ya bonde kama anayesubiri abiria.

Sasa nafika kwenye mwaka wenyewe. Mvua kubwa ilinyesha huko juu mtoni, Gulwe penyewe hapakudondoka tone. Asubuhi mwenyekiti wa kijiji akanipigia simu, akasema neno moja: "Njoo." Nilipofika, reli ilikuwa inaning'inia hewani penye daraja la mto, na bonde halikuwapo. Mahali pake palikuwa na tope lililolala sawasawa kama uji uliomwagwa sakafuni. Mahindi yalikuwa yamezikwa, minyaa imeng'olewa, mawe yamefunikwa. Watu hawakufa, Mungu alisaidia. Lakini kaya thelathini na moja zilikuwa zimesimama kwenye njia ya ng'ombe, na hakuna hata moja iliyoweza kunyoosha kidole ikasema langu linaanzia hapa.

Tope lilipoanza kukauka, maneno yakaanza. Kila mtu alikumbuka kipande chake kuwa kipana kuliko nilivyowahi kukipima. Wawili walishikana mashati mbele ya shule. Na kwa Masima ilikuwa mbaya zaidi. Yohana aliwaambia ndugu zake, na mimi nikiwa nasikia, kwamba Esta alipewa kwa hisani ya baba tu, hisani hiyo ilikuwa na mpaka, na mpaka umekwenda na maji. Wagawane wanaume, mambo yaishe.

Esta hakulia. Alikuwa mama wa watoto watatu, mfupi, mwenye kusema kidogo. Alikuja nilipokuwa nimeegesha pikipiki, akaniuliza, "Mama, kwenye daftari lako nimo?"

"Umo."

"Kwa jina langu au kwa jina la kaka?"

"Kwa jina lako. Misimu sita."

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Nilibaki nimeshika usukani. Miaka yote ile nilidhani napima kwa ajili ya takwimu.

Mwenyekiti naye alikuwa na barua mfukoni. Bwana mmoja wa mjini, mwenye shamba la alizeti kule juu, alikuwa tayari kulichukua bonde zima likiwa hivyo hivyo na tope lake. Angekuja Jumamosi kusikia jibu. Baadhi ya watu walikwisha kusema afadhali, kuliko kuuana. Ilikuwa Jumanne.

Nilirudi ofisini nikafungua kabati. Daftari za Bwana Chitema, daftari zangu, vipimo vya satelaiti, vyote vilikuwapo. Kipande baada ya kipande, kutoka kilimani hadi mtoni, hakikukosekana hata kimoja. Nilizitandaza sakafuni nikachora bonde upya kwenye karatasi nne zilizogundishwa. Jumatano nilikuwa Gulwe na kidude na rundo la mambo za mti, yaani vigingi vya mpaka, na kufikia Alhamisi adhuhuri kila mpaka ulikuwa umesimama kwenye tope, mambo kwa mambo, majirani wa pande mbili wakikiri mbele ya mwenyekiti. Wote walikiri isipokuwa Yohana.

Ijumaa tulikutana kwenye darasa la shule ya msingi. Mwenyekiti akasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," watu wakaitikia, na kabla hajakaa Yohana alikuwa amesimama.

"Mambo za kidude siziheshimu. Kidude hicho hicho kilinila ekari moja na nusu. Tupime kwa hatua, kama baba zetu."

Nilitaka kubishana. Maelezo yote nilikuwa nayo. Lakini niliwatazama wale watu nikaona wanatikisa vichwa kukubali, na nikakumbuka kwamba kidude ni changu, hatua ni zao.

"Sawa," nikasema. "Tupime kwa hatua. Urefu ni mmoja kwa wote, kutoka njia ya ng'ombe hadi mtoni, na mto umekula sawa kwa kila mtu. Tunapima upana, mambo hadi mambo. Ila hatua ziwe za mtu mmoja, kwa mashamba yote. Chagueni mtu."

Hapo ndipo palipowaka moto. Kila jina lililotajwa lilikataliwa. Huyu ni shemeji wa yule, yule ana miguu ya twiga atatumaliza. Neno hilo la miguu ya twiga lilimfanya Yohana aitazame miguu yake. Nilimwona anafikiri. Yohana hakuwa mjinga hata kidogo. Alijua kwamba hatua fupi huzaa ekari nyingi. Akazungusha macho darasani akimtafuta mtu mfupi kuliko wote ambaye hana upande, na macho yakaishia kwenye dawati la nyuma.

"Esta," akasema. "Esta apime."

Esta akasimama, mikono imeshika pindo la kitenge.

"Nipime ya nani, kaka?"

"Ya wote."

"Nikipima ya wote, na yangu napima."

Yohana akazungusha macho tena. Watu thelathini walikuwa wanamtazama, na kila mmoja alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya zile hatua fupi. Akina mama wa nyuma wakaanza kugonga madawati.

"Pima na yako," akasema.

Wenzangu, nimewahi kuona mengi, lakini ule mchana! Esta alivua kandambili akaingia kwenye tope lililokauka, akatembea kama anavyotembea kila siku kwenda kisimani, wala hakunyoosha mguu wala kuufupisha. Watu walikuwa nyuma yake wanahesabu kwa sauti moja, kipande baada ya kipande, wazee kwa vijana, kama wanaimba. Mimi naandika, mwenyekiti anaandika, mwalimu mkuu anaandika. Kwa Yohana walihesabu thelathini na mbili. Tuliporudi darasani mwalimu akazidisha ubaoni na urefu, nao kwa hatua zile zile: ekari tano na ushee.

"Tano!" Yohana akapaza sauti, akanigeukia, mara ya kwanza baada ya misimu mingapi sijui. "Bibi shamba, umeona? Tano!"

"Nimeona, Mzee Yohana. Hongera."

Na mambo zangu hazikuwa zimesogea hata kidole. Kwa hatua zile kila mtu alikuwa ameongezeka kwa uwiano ule ule, na kila mtu alikuwa na furaha. Kipande cha Esta kilitoka hatua nane. Mwalimu akakiandika ubaoni kwa jina lake, na hakuna aliyefuta.

Nilidhani kazi imeisha. Nilikuwa nakusanya karatasi Esta aliposema, kwa sauti ile ile ndogo, "Sasa tumeshajua cha kila mtu. Lazima tupande tena minyaa?"

"Una maana gani?" mwenyekiti akauliza.

"Nimetembea bonde zima leo. Sijawahi kulitembea bila kuruka mpaka wa mtu. Ni zuri. Trekta haiji kwa hatua nane. Haiji hata kwa thelathini na mbili. Lakini kwa hili lote ingekuja. Tulime pamoja, tupande kitu kimoja, tuvune, kila mtu achukue kwa hatua zake. Hatua ziko ubaoni."

Walibishana mpaka jua likaelekea kuzama, na haikuwa rahisi. Vipi mvivu? Vipi aliyetaka mtama? Nani ashike daftari? Lakini tope lilikuwa na unyevu, msimu wa mahindi ulikuwa umepita, na mimi niliwaambia wazi kwamba dengu zingekubali, ila zisingengoja zaidi ya siku chache. Nadhani zile siku chache ndizo zilizowashawishi kuliko maneno yangu. Mtu hana muda wa kupanda minyaa na dengu kwa pamoja.

Jumamosi yule bwana wa mjini alifika na gari lake. Alikuta jozi saba za ng'ombe bondeni, zimepangwa safu, zinalima kutoka mwisho hadi mwisho bila kugeukia kwa jirani, kwa sababu jirani alikuwa ndani ya safu hiyo hiyo. Akasimama kwenye njia ya ng'ombe na viatu vyake safi. Mwenyekiti akamrudishia barua yake kwa heshima. Yule bwana akacheka.

"Mngeniambia mapema," akasema. "Trekta yangu imekaa tu. Mnaihitaji?"

Jumatatu trekta ilishuka, na watoto wa shule waliruhusiwa kutoka darasani kuitazama. Mwalimu mkuu alisema ni somo la hesabu.

Dengu zilichanua. Sitajaribu kuwaeleza jinsi bonde lile lilivyokuwa kijani kutoka kilimani hadi mtoni bila mstari katikati yake. Nendeni mkaone wenyewe, wanalima hivyo mpaka leo, ingawa waligombana sana mwaka wa pili na watu wawili walijitoa, mmoja akarudi. Esta alichaguliwa kushika daftari. Yohana alikuwa anamwita "mpimaji" mbele za watu, na nilishindwa kujua kama ni utani au ni kujivunia.

Kabla ya kustaafu nilirudi na kidude kulizunguka bonde kwa ajili ya takwimu za wilaya. Nilimchukua Rehema, ambaye wengi wenu mnamjua, aliyekuwa amehamishiwa kwetu kutoka kitengo cha kuingiza taarifa. Kila siku alikuwa anarudisha fomu zangu. Kishikwambi hakikubali zaidi ya jina moja, na ukubwa ule kwenye mpangilio wetu ulikuwa wa mkulima wa kati, wakati wenye shamba wote walikuwa wakulima wadogo.

"Mama," aliniuliza ofisini, "niwaweke wapi?"

"Vaa buti," nikamwambia.

Tulilizunguka kwa miguu, yeye ndiye aliyeshika kidude. Ilichukua asubuhi nzima. Njiani alisalimia, alishikwa mkono, alipewa dengu mbichi za kutafuna, aliulizwa kama ameolewa. Tulipofika tulipoanzia akabonyeza, akasoma, akasoma tena, akaketi kwenye tuta kando ya Esta na fomu ya karatasi mapajani. Pale palipochapwa "Jina la mkulima" alikata m akaweka wa, akageuza la kuwa ya, akaongeza ma mbele ya jina. Nafasi ilikuwa ya mstari mmoja. Akageuza karatasi upande mweupe, akainua kichwa.

"Dada Esta," akasema, "nitajie mmoja mmoja. Nianze na wewe."